Alijifunzia wapi kusoma?

Mwenzangu kazini aliweka simu yake katikati ya meza, pembeni ya kikombe cha chai, akanionyesha ukurasa wa sensa ya Uingereza ya 1861. Mwandiko wa mshazari, wino uliofifia, mistari iliyopigwa kwa rula. Kidole chake kikashuka taratibu mpaka kwenye jina la mwanamke. "Huyu hapa," akasema. "Bibi yake bibi yangu." Miaka 17, mtumishi wa jikoni, amezaliwa kijijini Leicestershire. Akafungua kurasa nyingine. Mwaka 1871 ameolewa na ana watoto. Mwaka 1881 ni mjane anayefua nguo za watu. Mwaka 1891 anaishi kwa binti yake.

Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote: "Na wako je?"

Nikamwambia nitauliza nyumbani.

Swali lile halikuniacha. Nikipiga pasi linakuja, nikiwa kwenye basi linakuja. Maana jibu ninalo, ila linaishia njiani. Namjua mama. Namjua bibi aliyemzaa mama. Utoto wangu wote nimelala kitandani kwake. Mama yake bibi namjua kwa sifa. Na juu yake yuko mmoja, bibi yake bibi, ambaye mimi ni kilembwe wake. Huyo alifia Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, bibi yangu akiwa kigori. Kwa hesabu za wazee alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1860. Malkia Victoria alipokufa, Januari 1901, yeye alikuwa mtu mzima mwenye mtoto, anatafuta riziki mjini.

Wanawake wawili wa zama moja. Mmoja ana karatasi kila baada ya miaka kumi.

Wangu ana hadithi moja tu.

## Binti Abdallah

Jina lake la kwanza sitaliandika, na sababu itajulikana mbele. La baba ni Abdallah.

Kwetu ukitajwa ukoo watu huhesabu: fulani bin fulani bin fulani, mpaka wafike Hadhramaut, au Ngazija, au Kizimkazi. Upande wa babu wanahesabu vizazi bila kumeza mate. Upande huu tunafika kwa binti Abdallah, hesabu inakatika. Abdallah mwenyewe hana kaburi. Hana kaka wala dada. Hana shamba, hana mji, wala hakuna mtu mwingine duniani anayedai kutoka kwake. Alikuja na binti yake na kwa binti yake akaishia.

Nyinyi wasomaji wa pwani mmeshaelewa: ni baba wa jina tu, anayepewa aliyesilimu bila kujulikana baba yake.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi huyo Abdallah alikuwa nani. "Mtu wa zamani," akajibu, akaendelea kusuka ukili wake.

## Hayo nani kakutuma?

Nikampigia simu mama mkubwa, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu kwa upande huo. Baada ya shikamoo na habari za miguu yake, nikamuuliza moja kwa moja: bibi yake bibi alikuwa mtu wa wapi?

Kimya. Nikawa nasikia adhana ya mtaani kwake na jirani anayemwita mtoto.

"Hayo nani kakutuma?"

"Hakuna, mama mkubwa. Nataka kujua tu."

"Wenzako walifukia, wewe unafukua." Halafu akaniuliza kama nimeshakula.

Sikukasirika. Anayetazama kwa mbali anaweza kudhani ni ukaidi wa wazee, lakini Unguja kusema "bibi yangu alinunuliwa" si habari ya zamani hata kidogo. Inaingia kwenye posa. Inaingia kwenye ugomvi wa mirathi, na kwenye tusi linalorushwa kutoka dirisha hili hadi lile. Katika siasa za miaka ya hamsini na baada ya Mapinduzi ya 1964 utumwa umekuwa silaha ya kurushiana, na wanaoumia ni watu wenye damu ya pande zote mbili. Katika koo zetu nyingi yumo aliyeuzwa na yumo aliyenunua, na wote wawili tunawasomea hitma moja.

Na kufukia hakukuanza na mama mkubwa. Katika sensa ya Zanzibar ya 1924 maelfu ya watu waliandikwa Waswahili. Sensa ya 1931 ilipokuja, Waswahili walikuwa wamepungua mno na Washirazi wameongezeka. Watu hao hawakufa wala hawakuhama. Kujiita Mswahili kulikuwa kumeanza kumaanisha kwamba wazee wako walikuwa watumwa, basi wakajivua.

Mwenzangu wa kazini ana bibi mwingine aliyejifungua kwenye nyumba ya maskini, mtoto hana baba kwenye cheti. Alinieleza hayo huku uso wake umejaa fahari. Aibu ile iliwahi kuwa kali, mwanamke wa Kiingereza aliweza kufukuzwa kazi na nyumbani kwa ajili yake. Imekwisha. Imebaki hadithi ya kusimulia mezani.

Yetu bado inatembea mitaani.

Ndipo nikaanza kujiuliza, na mpaka leo najiuliza: aibu hii ni ya nani hasa? Mtoto wa miaka minane aliyeibwa aone haya kwa lipi? Moyo wangu unasema haya ni ya aliyemnunua. Lakini mimi naishi mbali. Maneno nitakayoandika hayatanikuta mimi, yatamkuta mama mkubwa dukani, au binti wa mdogo wangu siku ya kuposwa. Kwa muda mrefu nilifunga daftari na kuona kwamba mzee amesema kweli.

## Barua za majirani

Kilichonifanya nilifungue tena ni ile hadithi moja.

Bibi alipenda kuisimulia. Alisema bibi yake, mzee wa buibui na tasbihi, alikuwa akikaa barazani baada ya alasiri, na majirani wakimletea barua. Waume na watoto wao walikuwa Mombasa, Dar es Salaam, au baharini, na barua zao ziliandikwa na makarani kwa herufi za Kizungu. Wanawake wengi wa mtaani, waliojua kusoma, walisoma Kurani na maandishi ya Kiarabu. Hizi herufi nyingine ziliwashinda. Basi mzee huchukua barua, huishika mbali, mkono umenyooka, na kuisoma kwa sauti, silabi moja moja, kidole kikifuata mstari. Pesa hakupokea. Sukari alipokea.

Nimeisikia hadithi hii tangu sijaanza shule. Ilikuwa inasimuliwa kutuonyesha kwamba akili ya kusoma ni ya ukoo, na kwamba anayefeli mitihani hana wa kumlaumu.

Usiku mmoja usingizi umenipaa, nikaisikia upya.

Alijifunzia wapi?

Shule ya kwanza ya serikali ya wasichana Zanzibar ilifunguliwa 1927. Wakati huo yeye alikuwa ajuza. Chuoni kulifundishwa Kurani kwa herufi zake. Mumewe, kwa maelezo ya bibi, alikuwa mchukuzi bandarini na hakujua kusoma lolote. Katika miaka ya 1870 na 1880, mahali ambapo mtoto wa kike mweusi, asiye na baba wala mali, angeweza kufundishwa herufi za Kirumi kisiwani Unguja palikuwa pachache mno, napo pote palikuwa pa misheni.

Nikakaa kitako kitandani. Bibi yetu mwenye tasbihi alisomea kwa watu wa kanisa.

Nikatafuta njia nyingine ya kulieleza jambo lile. Sikuipata.

## Mbweni

Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, ya Waanglikana wa Uingereza, ilihamia Unguja 1864, na mwaka huohuo Sultani Majid akaikabidhi wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi. Mwaka 1871 ikanunua shamba Mbweni, kusini mwa mji, ufukweni. Hapo pakajengwa kijiji cha watumwa waliokombolewa, shule ya wasichana, na baadaye kanisa la Mtakatifu Yohana, lililofunguliwa 1882. Magofu ya shule yapo hata leo, miti imeota juu ya kuta. Mwalimu mkuu wake kwa muda mrefu alikuwa Caroline Thackeray, Mwingereza aliyefika 1877, akaiongoza shule kwa karibu robo karne, akastaafu na kubaki hapohapo Mbweni mpaka alipokufa 1926. Yaani yeye na bibi yetu walizeeka kisiwa kimoja, mwendo wa asubuhi moja kati yao.

Askofu wa misheni, Edward Steere, alikuwa mtu wa Kiswahili. Alitoa kitabu chake cha sarufi 1870, na misheni ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa vitabu vya kusomea vya Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Hili ndilo lililonigusa zaidi kuliko yote niliyosoma. Watoto wale walifundishwa kusoma kwa lugha waliyokuwa wanaizungumza uani. Ndiyo maana nusu karne baadaye bibi kizee wa Ng'ambo aliweza kuchukua barua ya jirani na kuisoma ikaeleweka. Angefundishwa Kiingereza pekee, barua zile zingempita.

Wasichana hawakutendewa sawa. Walioonekana wepisi wa darasani walitayarishwa kuwa walimu na wake wa vijana wa Kiungani, chuo cha wavulana cha misheni ileile. Wengine walielekezwa kwenye kazi za mikono: kufua, kupika, kulima, kusuka. Siku ilikwenda kwa kengele na sala.

Wale wa kundi la kwanza wameacha alama. Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri, mwaka 1890, alikuwa na mke, Lucy, mwalimu aliyelelewa Mbweni. Lucy tunamjua. Lakini tazama tunavyomjua: mlango wake wa kuingilia kwenye historia ni mume. Msichana ambaye hakuolewa na padri wala mwalimu anaonekana kwenye orodha kwa muda, halafu haonekani.

## Pauni tano

Mtoto alifikaje pale?

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kusafirisha watu kwa bahari. Balozi wa Uingereza, John Kirk, ndiye aliyembana, na nyuma ya Kirk zilikuwapo manowari. Soko likafungwa. Biashara ikahamia usiku. Kuanzia 1874 manowari HMS London ilitia nanga mbele ya mji, na mashua zake zikawa zinawinda majahazi kati ya bara, Unguja na Pemba, ambako mashamba ya karafuu yalikuwa yanadai watu.

Jahazi likikamatwa, kesi ilisikilizwa na mahakama ya ubalozi. Ikithibitika ni la watumwa, hazina ya Uingereza iliwalipa mabaharia bakhshishi: pauni 5 kwa kila mtu aliyeokolewa.

Niliposoma hivyo nilisimama, nikaenda kunywa maji.

Mabaharia wengi waliugua na wengine walikufa katika kazi ile. Nahodha Brownrigg wa HMS London aliuawa Desemba 1881 akilifuata jahazi. Siwadharau. Lakini ina maana kwamba mtoto aliyekwisha kuhesabiwa bei bara, na kuhesabiwa bei tena pwani, aliandikwa kwa mara ya kwanza na watu waliomwokoa kwenye karatasi yenye bei. Majedwali yalipelekwa London na kuchapwa kwa ajili ya Bunge. Yana tarehe, jina la manowari, jahazi lilikokamatiwa, kisha hesabu: wanaume, wanawake, watoto. Majina hayamo. Ikiwa bibi yetu alishushwa kutoka jahazi lolote lile, basi yumo kwenye moja ya tarakimu hizo katika safu ya watoto, na hakuna mwanadamu atakayeweza kuniambia ni ipi.

Baada ya hesabu aliamuliwa pa kupelekwa. Angeweza kwenda Mbweni. Angeweza kwenda kwa mapadri wa Bagamoyo, au Freretown karibu na Mombasa, iliyoanzishwa 1875. Kati ya 1873 na 1880 wengine walipelekwa Natal, na wajukuu wao mpaka leo huitwa Wazanzibari pale Durban. Kabla yao wapo waliopelekwa Bombay na Shelisheli. Watoto wa jahazi moja, waliolala wameegemeana, waligawanywa ufukweni na hawakuonana tena. Kama alikuwa na ndugu yake, sisi tuna jamaa ambao hatutawatambua hata tukikaa nao meza moja.

Iko picha maarufu katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyopigwa mwaka 1868 kwenye sitaha ya manowari HMS Daphne. Watoto na vijana waliotolewa kwenye jahazi wamekaa chini wamebanana, mifupa inaonekana. Bibi yetu hayumo, ilikuwa kabla yake. Hata hivyo nimeitazama picha ile mara nyingi. Nimewatazama wenye pua kama ya mama.

## Nisichokubali kuchagua

Katika orodha za misheni, msichana huwa na jina la ubatizo, jina la kwao, na kabila kwa makadirio ya aliyeandika: Myao, Mnyasa, Mgindo, Mmakua. Mnyasa peke yake aliweza kuwa mtu wa mahali popote kuanzia ziwani mpaka pwani. Nimewapata wasichana kadhaa ambao kwa umri wanaweza kuwa yeye. Mmoja nilimtamani. Jina lake la kwao linakaribiana na jina la utani ambalo bibi alikuwa akimwita mama yangu, na sikuwahi kulisikia jina hilo penginepo.

Nilikaribia kumchagua. Nilikwisha kumchora kwenye mti wa ukoo kwa penseli.

Aliyenizuia ni msichana mwingine kabisa, Swema. Huyu anajulikana. Alikuwa Myao. Baba yake aliuawa na simba, mama yake akakopa mtama, akashindwa kulipa, na mdai akamchukua mtoto. Mama aliufuata msafara kwa hiari yake, akafa njiani kwa uchovu. Swema alifika Unguja yu mahututi, akafukiwa kaburini akiwa hai. Kijana mmoja mtu wa Réunion alisikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa masista wa Kikatoliki mjini. Hadithi yake iliandikwa na mapadri na kuchapwa Ufaransa 1870. Inamalizika kwa Swema kuuguza Mwarabu aliyejeruhiwa, kumtambua kuwa ndiye aliyemtesa, na kumsamehe.

Wanahistoria wamejadili sana ni kiasi gani cha hadithi ile ni cha Swema na kiasi gani ni cha padri aliyetaka sadaka kutoka Ulaya. Mimi naamini njia. Naamini mtama wa mkopo na mama aliyekataa kubaki nyuma. Mambo hayo hayatungwi na mtu aliyekaa Paris. Msamaha wa mwisho sina hakika nao. Umekaa vizuri mno kwa wasomaji waliokuwa wakitakiwa watoe mfukoni.

Sasa, kama Swema aliyesimulia kwa kinywa chake alibadilishiwa mwisho, mimi nitamfanya nini mtu ambaye hakunisimulia kitu? Mtekaji alimpa jina. Misheni ikampa jingine. Aliyemsilimisha akampa la tatu, na baba juu yake. Sitaki kuwa wa nne.

Nikafuta penseli. Kwenye mti wa ukoo nimeacha sanduku lenye jina alilofia nalo, na juu yake mstari unaokwenda kwenye nafasi tupu.

## Alikwenda mjini

Linabaki swali ambalo kwangu ni gumu kuliko la kufika. Alitokaje?

Wamisionari waliandika kwa uchungu kuhusu vijana wao walioondoka Mbweni na kwenda mjini, wakaolewa na Waislamu, wakasilimu. Kwa macho yao hao walipotea. Wino wao unaishia hapo, na kwa muda mrefu na mimi nilisoma kwa macho yao: amepotea, karatasi imekwisha, basi.

Halafu nikazipanga safari zake moja baada ya nyingine. Kwao alitolewa na watekaji. Jahazini alitolewa na mabaharia. Ubalozini alitolewa na misheni. Kutoka Mbweni kwenda mjini ni kilomita chache, za kutembea kwa miguu chini ya minazi. Katika maisha yake yote ninayoweza kuyafuata, hiyo ndiyo safari ya kwanza ambayo huenda aliianza kwa miguu yake mwenyewe.

Huenda. Inawezekana alifukuzwa. Inawezekana alimfuata mwanamume, au alichoka na kengele. Sitamtungia sababu. Ila nimeacha kuiita kupotea.

Na mjini hakukuwa peponi. Mwanamke asiye na ndugu katika miaka ile aliweza kukamatwa njiani na kuuzwa tena Pemba. Alihitaji watu. Uislamu ulimpa majirani wa kumwita dada, wanawake wa kumfunda na kumwimbia, watu wa kumzika. Amri ya Sultani Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa kisheria, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje mpaka 1909. Ng'ambo ilijaa watu waliokuwa huru na waliokuwa karibu kuwa huru, wakijifunza kuwa majirani.

Bibi alisema mikono ya mzee ilinuka karafuu. Msimu ulipoingia alikwenda mashamba kuchuma na kuchambua, makonyo huku, karafuu kule, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Msimu ukiisha alisuka ukili na kuuza. Kaniki, vazi la watumwa, hakuligusa. Hata la kufanyia usafi hakutaka liingie nyumbani. Alivaa kanga mbili, na buibui akitoka. Katika mitaa hiyohiyo aliishi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeanza kwa kuleta vyungu mjini kuviuza na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo. Sauti ya Siti tunayo. Wenzake maelfu, wenye mikono na migongo ya namna ileile, tuna minong'ono yao tu.

## Nyumba

Mama mkubwa alinitumia ujumbe wa sauti bila kuulizwa. Ulikuwa mrefu, na nyuma yake kuna mlio wa cherehani.

Alisema nyumba ya Ng'ambo, ambayo mama yangu na yeye walizaliwa ndani yake, haikuwa ya yule mchukuzi wa bandarini. Ilikuwa ya mzee. Aliijenga kwa pesa za karafuu na ukili, udongo na makuti, kwenye kiwanja cha tajiri, na kila mwezi akilipa kodi ya kiwanja. Mwaka ambao watu wa Ng'ambo waligoma kulipa, naye akagoma. Huo ni mgomo wa 1928, na inajulikana kwamba wanawake walikuwa mstari wa mbele. Bibi alikuwa mdogo sana wakati ule, lakini alikua akisimuliwa jinsi mzee alivyokaa mlangoni, amefunga kanga kiunoni, na mkusanya kodi akapita njia.

"Unataka kuandika, andika," alisema mama mkubwa. "Ila jina lake liache. Mimi nikishaondoka mtajua wenyewe."

Nimelishika sharti lake. Nimemwambia pia kuhusu Mbweni, kwa sababu sikuona haki tuyajue mimi na wageni mtandaoni kabla yake. Alinyamaza, akasema, "Ndiyo maana alikuwa anasoma." Kisha: "Bibi yako alikuwa anajua." Nilipomwomba aeleze zaidi akasema tutazungumza akija mtu wa kumshikia simu vizuri.

Binamu yake yuko Wete, Pemba, na inasemekana sanduku la hati za nyumba lilikwenda naye. Mama mkubwa ameahidi kumpigia baada ya Idi. Nimemwomba amwambie atafute vitu viwili: risiti za kodi ya kiwanja, na karatasi yoyote yenye mwandiko wa mkono. Waliofundishwa kusoma Mbweni walifundishwa na kuandika, na zile barua za majirani lazima kuna mtu aliyezijibu.